Kilomita 16 za kwenye boksi hazifiki Mikumi

Ukipita Mtaa wa Msimbazi alfajiri ya siku ambayo Mnyama ana mechi mkoani, au ukakunja kona mpaka Twiga na Jangwani siku ya safari ya Wananchi, utakuta picha ileile. Coaster mbili, Noah tatu, basi kubwa la kukodi linanguruma, ngoma, vuvuzela, katoni za maji, na mwenyekiti wa tawi anahesabu watu kwa mara ya nne na kila mara anapata idadi tofauti.

Siku hizi kwenye picha hiyo kimeongezeka kitu kimoja. Kijana anapita kati ya magari na redio upepo mkononi, ile ambayo askari wanaiita redio koli. Anabonyeza kitufe: "Haloo, gari namba mbili, mnanipata?" Gari namba mbili liko hatua sita kutoka aliposimama. Linampata vizuri kabisa. Watu wanashangilia.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Sina ugomvi na redio zenyewe. Msafara wa magari matano kwenda Mbeya bila njia ya kuongea ni sawa na mabeki wanne wasio na kipa wa kuwapigia kelele. Ugomvi wangu ni namna tunavyozinunua. Tunazinunua kama klabu zetu zilivyowahi kusajili mastraika kwa video: mabao yote yamo, zile dakika 85 ambazo jamaa hakugusa mpira zimekatwa. Boksi linasema kilomita 16, muuzaji anasema kilomita 16, katibu anarudi tawini anasema kilomita 16. Hakuna aliyeuliza: kilomita 16 za wapi?

Nimeshalipa ada ya somo hili. Miaka kadhaa iliyopita tulitoka Kariakoo jioni, magari matatu madogo, kesho yake tulikuwa na mechi Uwanja wa Sokoine. Tulikuwa na redio tatu mpya, kila gari moja. Toka Kibaha mpaka Chalinze zilifanya kazi moja tu: utani. Mara huyu aimbe, mara yule atangaze mpira wa kubuni. Tulipofika Msamvu, Morogoro, wawili wetu tukapita, gari la tatu likakatiza kituo cha mafuta. Lilipotoka likaona Noah nyeupe mbele, likaifuata. Sasa Noah nyeupe Tanzania hii ziko ngapi?

Kwa msiofahamu, Msamvu ndipo barabara ya Dodoma inapoachana na ya Iringa. Wenzetu walikuja kushtuka wako Dakawa. Redio yao ilikuwa imezima, betri imekwisha kwa utani wa Kibaha. Simu tulipiga mpaka tukachoka. Ndani ya gari kulikuwa na singeli inapigwa mpaka vioo vinatetemeka, nani asikie? Wakageuza, wakaanza kutufukuzia usiku kucha. Asubuhi walitukuta Ilula, dereva macho mekundu, kioo cha pembeni upande wa kulia hakipo. Kimeondoka na lori kwenye mlima Kitonga.

Ilikuwa kioo. Ingeweza kuwa kingine. Kila mtu anayefuatilia ligi yetu anajua barabara hizi hazina utani: Februari 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi likirudi kutoka Ruangwa kucheza na Namungo, na mechi yao iliyofuata dhidi ya Simba ikabidi iahirishwe. Hao ni wachezaji, wana basi moja na dereva wa klabu. Sisi mashabiki tunakwenda na magari sita, madereva sita, na kila dereva ana haraka yake.

Kwa hiyo nasema hivi: redio ya msafara haipimwi na gari la mbele. Inapimwa na gari la mwisho. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: gari la mwisho, vioo vimefungwa, muziki unapiga, likipata pancha, la kwanza litasikia? Mengine yote ni mbwembwe.

Tupige hesabu kidogo, haiumi. Magari sita yakiachana mita 100 kila moja, msafara mzima hauzidi sana nusu kilomita. Hata mkiachana mita 300 kwa ajili ya malori katikati, mko kwenye kilomita moja na nusu. Maana yake redio inayoongea kweli kilomita mbili kutoka ndani ya gari inatosha kwa safari nzima ya Mbeya, ambayo ni zaidi ya kilomita 800. Nani anahitaji kilomita 16?

Lakini angalia upande wa pili. Gari likienda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Mkiacha mwenzenu kituo cha mafuta dakika tano, tayari yuko karibu kilomita saba nyuma. Dakika kumi, kilomita 13. Hapo hakuna redio ya mkononi ya Kariakoo itakayomfikia, iwe imeandikwa 16 au 50. Redio kazi yake ni kuzuia msafara usikatike. Ukishakatika, dawa ni kusimama mahali mlipokubaliana kabla ya safari, siyo kupiga kelele hewani. Sisi siku ile tulifanya kinyume: tulitumia redio wakati tuko pamoja, tukaitegemea wakati tumeshaachana.

Na zile kilomita za boksi hazikuzuliwa tu. Mawimbi ya redio hizi husafiri kwa kunyooka, kama jicho linavyoona. Mtu aliye juu ya kilima akiongea na mwenzake aliye juu ya kilima kingine, katikati bonde tupu, anaweza kuzipata. Wewe uko kwenye kiti cha Noah, antena iko mita moja na nusu kutoka kwenye lami, na umezungukwa na bati. Hata ardhi ingekuwa tambarare kama meza, mviringo wa dunia peke yake unakukatia upeo kwenye kama kilomita kumi. Toa bati, toa miti, toa malori ya makontena, toa kilima. Unabaki na kilomita moja, mbili, tatu ukibahatika.

Ndiyo maana kuongeza nguvu hakusaidii kama watu wanavyodhani. Muuzaji atakwambia hii ya wati tano ni mara kumi ya ile ya nusu wati. Kwa wati, sawa. Kwa umbali, hapana: hata mahali peupe kabisa unahitaji nguvu mara nne ili upate umbali mara mbili, na kilima kikishakaa katikati hata wati 20 zitagonga udongo. Wati tano zina faida, zinasukuma sauti itoke kwenye bati. Hazibebi sauti juu ya Kitonga.

Kwa hiyo jaribio la pale kaunta, wewe huku na muuzaji kule mwisho wa duka, halina maana yoyote. Ningekuwa mimi ndiye katibu, ningemwambia kijana wa duka kwa heshima zote: bosi wangu, nipe hizi mbili na mtu wako mmoja. Mmoja aingie kwenye gari, afunge vioo, washe injini na muziki, asimame Fire. Mwingine ashuke na gari bonde la Jangwani mpaka Magomeni Mapipa, ni kama kilomita mbili, naye vioo juu. Waongee njia nzima. Ikikatika kabla ya Mapipa, rudisha dukani. Ukitaka mtihani mgumu zaidi, kaa Msimbazi uongee na mtu aliye Jangwani, maghorofa ya Kariakoo yote katikati. Watani hawa wawili wako umbali wa kutembea kwa miguu, lakini kwa zege lile redio nyingi zinashindwa kupatanisha, kama binadamu walivyoshindwa.

Tuje kwenye aina. Redio nyingi za bei poa utakazoziona kwenye maduka ya vifaa vya umeme na simu ni za Kichina, na mbili zinazojulikana zaidi duniani kote ni za Baofeng: BF-888S na UV-5R. Ya kwanza ni rahisi kuliko rahisi. Chaneli 16, kitufe cha kuzungusha, haina kioo, haina namba za kubonyeza. Inakamata masafa ya UHF tu, kati ya megahezi 400 na 470. Ya pili ina kioo, ina vitufe kama simu ya zamani, inakamata UHF na VHF, ile ya megahezi 136 mpaka 174.

Kila mtu anakimbilia ya pili kwa sababu ina mambo mengi. Mimi kwa shabiki namshauri aina ya ile ya kwanza, au redio yoyote ya kampuni nyingine iliyo rahisi namna hiyo. Kwa nini? Kwa sababu saa 9 usiku, Mikumi, redio itashikwa na mtu ambaye jana yake hakuwa ameiona. Ile yenye vitufe 16 atabonyeza kimoja, atahama chaneli bila kujua, na gari la mwisho litakuwa limepotea hewani huku kila mtu akiamini lipo. Hili nimeliona kwa macho. Kama tawi litachukua zenye vitufe, basi anayezipanga avifunge vyote kabla ya safari. Kufuli lipo, watu hawalitumii.

Kuhusu VHF na UHF kuna ubishi vijiweni. Wazee wa porini watakwambia VHF ndiyo baba, inakwenda mbali, na kwa antena ndefu juu ya gari wako sahihi. Lakini redio ya mkononi ndani ya gari ni habari nyingine. Wimbi la UHF ni fupi, linapenya kupitia dirishani kirahisi, na kale kaantena kafupi kanalitosha. Wimbi la VHF linahitaji antena ya karibu nusu mita ili lifanye kazi yake ipasavyo; ukilipa mkia wa panya wa sentimita 15 linapoteza nguvu nyingi pale pale. Kwa mashabiki ndani ya Noah na Coaster, UHF.

Sasa kitu ambacho ningekifanya kabla ya kununua redio ya gharama: antena ya sumaku ya kubandika juu ya paa. Waya wake unapita mlangoni, unachomekwa kwenye redio ile ile ya bei poa. Kwa kufanya hivyo tu umeitoa sauti nje ya bati, umeipandisha juu, na kwa basi kubwa umeipandisha mita tatu na zaidi. Redio ya kawaida yenye antena ya paa inaiacha mbali redio ya kifahari iliyokaa mapajani kwa mtu. Si lazima magari yote. La kwanza na la mwisho yakiwa nazo, ya katikati yatasikia tu. Angalizo moja: sumaku haishiki kwenye paa la plastiki wala alumini. Ijaribu kabla hamjaondoka, siyo Kimara ikiwa inaning'inia dirishani. Na wapimie waya wenyewe vichwa vyake, maana redio hazifanani tundu.

Lingine ambalo huwaumbua wengi ni umeme. Gari dogo lina umeme wa volti 12. Basi kubwa, na Coaster nyingi za dizeli, lina volti 24. Chaja ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari iliyotengenezwa kwa 12 ukiipachika kwenye 24 inanuka moshi kabla hamjavuka Mbezi. Soma maandishi madogo: iandikwe 12 mpaka 24. Betri ya akiba iwepo gari la kwanza na la mwisho. Na utani upigwe marufuku mpaka Chalinze. Redio ikikaa inasikiliza tu betri inadumu, inayoimaliza ni kuongea.

Kuna redio nyingine zimeingia, hizi ndizo zinazonitia wasiwasi. Sura ya redio upepo, kitufe ubavuni, lakini ndani ina laini ya simu. Tangazo linasema kilomita elfu tano. Ni kweli, utaongea na Mwanza ukiwa Kariakoo, kwa sababu ni simu iliyovaa jezi ya redio. Mtandao ukiwepo ni nzuri, tena kwa mwenyekiti aliyebaki Dar kufuatilia msafara zinafaa. Mtandao ukiyumba porini, inakuwa tofali. Usimnunulie dereva ukidhani umemnunulia kile kinachofanya kazi pale simu inaposhindwa.

Wengine wana ndugu Marekani au Uingereza, wanaletewa pea nzuri ya rangi za klabu kwenye boksi linalong'aa. Hizi za Marekani zinatumia masafa ya megahezi 462 na 467, za Ulaya 446, na huko mtu wa kawaida anaruhusiwa kuzitumia kwa safari za familia. Ruhusa hiyo ni ya huko. Haipandi ndege na redio.

Hapa ndipo mashabiki wengi wanatoa macho. Kwani kuna leseni? Ipo, ndugu yangu. Masafa ya redio nchini yako chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 haikuruhusu kurusha mawimbi kwa sababu tu umelipa dukani. Chombo chenyewe kinatakiwa kiwe cha aina iliyoidhinishwa, na masafa uwe umepewa. Hizi za Kichina zikitoka kwenye boksi zinakuja na masafa ya kiwandani ambayo kiwanda hakikuiuliza Tanzania. Unaweza ukawa unatangaza mpira wako wa kubuni juu ya mawasiliano ya kampuni ya ulinzi, au ya watu wenye kazi nzito kuliko hiyo. Na wenyewe wakikusikia hawatacheka.

Najua jibu la kijiweni: "Mbona kila mtu anazo?" Kila mtu anazo mpaka siku ya mkono wa sheria. Tawi lenye mweka hazina na daftari la michango linaweza kuandika barua TCRA, kuulizia ruhusa ya kikundi na masharti yake, kisha redio zikapangwa masafa hayo na fundi mmoja. Zote siku moja, siyo kila mtu kwa fundi wake. Kama tawi halitaki mlolongo huo, litafute kampuni yenye leseni na idhini ya kukodisha, likodi kwa siku tatu. Kwa tawi linalosafiri mara mbili tatu kwa msimu, kukodi kunaweza kuwa na akili kuliko kununua. Kwa muuzaji, swali ni fupi: aina hii imeidhinishwa na TCRA, nioneshe. Akianza kukuonesha video ya mtu yuko juu ya kilima, toka.

Nimalize hili la usiri, maana limewaponza wengi. Zipo namba ndogo kwenye redio zinazoitwa namba za siri. Watu wa tawi wanaziweka, kisha wanaanza kusema kila kitu hewani: pesa za tiketi anazo nani, tunalala wapi, gari gani lina wazee. Namba zile hazifichi chochote. Zinaziba masikio yako usisikie wengine. Wengine wenye redio yao wanakusikia vizuri tu. Msafara wa watani ukiwa nyuma yenu na redio za aina ile ile, wanasikia mpaka mnavyogombana kuhusu chapati. Pesa msizitaje hewani.

Sasa mpira wenyewe, yaani nidhamu. Gari la kwanza liitwe Kichwa, la mwisho liitwe Mkia, mengine namba. Mkia apewe dereva mzoefu kuliko wote, siyo yule mwenye gari bovu ambaye kila safari huwa tunamwacha nyuma kwa sababu "atatukuta". Redio asiishike dereva. Ishikwe na mtu wa kiti cha kushoto, na kazi yake kwa saa zile iwe hiyo: halali, haimbi. Sheria iwe moja: Kichwa akisema neno, Mkia ndiye anayejibu. Mkia akijibu, wote wamo. Mkia akinyamaza mara mbili, Kichwa anapunguza mwendo, mara ya tatu anatafuta mahali salama anasimama. Siku ile ya Dakawa sheria hii ingetuokoa kilomita 80 na kioo kimoja.

Watu wa Safari Rally walilijua hili zamani. Mashindano yale yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye timu kubwa za viwanda zilifikia kurusha helikopta juu ya gari lao. Aliye angani alimwambia dereva kwa redio kilichoko mbele: ng'ombe, lori, mto umejaa. Sisi hatuna helikopta, tuna Kichwa. Kazi yake siyo kuwahi. Ni kutazama na kusema: "Trafiki mbele," "Lori limeharibika kona ya kushoto, msipite," "Tembo upande wa kulia." Pale Mikumi barabara inapita ndani ya hifadhi kwa karibu kilomita 50, mwendo una kikomo, na ukigonga mnyama unalipa. Neno moja la Kichwa pale lina thamani kuliko nyimbo zote za Kibaha.

Na yapo maeneo ambayo msafara lazima utakatika, redio iwe ya nani. Mizani ya Vigwaza na Mikese ni mfano mzuri: mabasi yanaingia kupimwa, Noah zinapitiliza. Noah ziambiwe kabla ya kuondoka Kariakoo zisubiri wapi. Msamvu, wote wasimame, wahesabiane, ndipo waingie barabara ya Iringa. Kitonga, Kichwa akishafika juu na Mkia yuko chini bondeni, mlima umekaa katikati na redio zinakwaruza; hilo siyo bovu la redio. Kichwa akasubiri Ilula, watu wanunue vitunguu, Mkia akitokea ndipo safari iendelee. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, misafara mingi inapita maeneo haya gizani, na gizani taa za nyuma za kila gari zinafanana.

Mbele yetu kuna AFCON 2027, Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja. CHAN ya Agosti 2025 ilikuwa kionjo. Safari hii watu hawatakwenda Mbeya na Tanga tu. Watakwenda Arusha, watakwenda Nairobi, na wenye roho ngumu watakwenda na Coaster mpaka Kampala. Matawi yameshaanza kuulizana bei za redio Kariakoo, na nina hakika maboksi yatakayouzika yataandikwa kilomita 50.

Ruhusa ya TCRA, hata ukiwa nayo, inaishia getini Namanga. Ng'ambo masafa yana mwenyewe: Kenya wana mamlaka yao ya mawasiliano, Uganda wana tume yao, na askari wa mpakani akikuta redio sita ndani ya basi la vijana wenye vuvuzela hataanza kwa kuuliza timu gani. Anayetaka kuzitumia kule aandike barua kule, mapema.

Tawi letu limeshakubaliana. Namanga redio zote zinazimwa, betri zinatolewa, zinaingia kwenye boksi moja, na boksi linakaa kwa mama yetu mweka hazina ambaye hatanii na mtu. Kuanzia hapo tunarudi mtindo wa wazee: kila mji mkubwa magari yote yanasimama na watu wanahesabiwa. Mwenyekiti ameambiwa aanze kufanya mazoezi ya kuhesabu kuanzia sasa.